Asilimia Nne ya Nini?

Kiongozi yeyote akianza kuzungumzia ajira kwa vijana, subiri kidogo tu, "mikopo ya asilimia kumi" itatajwa. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri Tanzania Bara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hukopa kwa kikundi. Darasani tunaita uchumi wa kijamii: watu wanaunganisha nguvu, wanamiliki kwa pamoja, wanagawana faida na hasara.

Sipingi mpango. Napinga hesabu yake. Asilimia nne ya nini?

Mapato ya ndani hutokana na ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa mazao, ada za masoko na stendi. Yaani yanapatikana palipo na biashara tayari. Piga hesabu ndogo. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 50 inatenga bilioni 2 kwa vijana. Inayokusanya bilioni 1 inatenga milioni 40. Zote zimetii sheria, zote zitapongezwa. Aliyenacho kaongezewa, na karatasi zinasema tumegawana sawa.

Utaniambia Dar es Salaam ina vijana wengi zaidi. Ni kweli. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar watu milioni 5.38 na Kigoma milioni 2.47. Kwa watu, Kigoma inakaribia nusu ya Dar. Kwa mapato ya halmashauri zake, haiikaribii nusu hiyo hata kidogo. Basi kijana wa Kakonko anafanya kile ambacho sera imemfundisha: anakata tiketi ya basi. Akifika Dar anahesabiwa miongoni mwa wasio na ajira wa Dar, kisha tunaambiwa, mnaona, Dar ndiko kwenye tatizo.

Wengine watasema halmashauri maskini zijiongeze, zikusanye zaidi. Kwa nani? Kwa bodaboda, kwa mama lishe, kwa kijana anayetandika mitumba gulioni. Unambana kijana kwa ushuru ili umkopeshe kijana mwenzake, halafu unauita huo uwezeshaji.

Mikopo hii iliposimamishwa Aprili 2023, mjadala ulitawaliwa na vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Wezi wakamatwe, hilo halina ubishi. Lakini mikopo ilirejeshwa mwaka 2024, na chanzo cha fedha kikabaki kilekile: kila halmashauri na mfuko wake. Tumeziba matundu ya ndoo bila kuuliza kwa nini ndoo moja ni pipa na nyingine ni kikombe.

Historia yetu ya ushirika ilijua jambo ambalo sheria hii imelisahau. Chama cha KNCU cha Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1933, hakikujengwa na watu watano waliogawana mkopo mdogo. Kilijengwa juu ya kahawa na soko lake, na vyama vingi vya msingi vikisimama pamoja. Kigoma ina michikichi. Mashine nzuri ya kukamua mawese haimilikiwi na kikundi cha vijana watano wenye milioni chache. Inamilikiwa na vikundi ishirini vilivyoungana. Sasa waambie vikundi hivyo wasubiri asilimia nne ya ushuru wa gulio.

Ninachodai ni kitu kidogo. Sehemu ya ile asilimia nne iende kwenye mfuko mmoja wa taifa, igawanywe kwa idadi ya vijana wasio na ajira na kiwango cha umaskini wa wilaya. Na mgao wa kila halmashauri ubandikwe hadharani, kwa shilingi badala ya asilimia.

Dar itapunguziwa kidogo na itanung'unika. Inunung'unike. Mahindi, maharage na vijana wake inavipata kwa mikoa hiyohiyo inayoambiwa ijitegemee.