Someni Hataza Kabla ya Kuziomba

Kila ifikapo Agosti, viwanja vya Nane Nane hujaa mashine za mafundi wetu: za kupukuchua mahindi, za kukamua alizeti, za kukatakata majani ya ng'ombe, za kubangua karanga. Mgeni rasmi hupita, huuliza bei, hupigwa picha akiwa ameshika mpini, kisha hutoa nasaha ile ile ya mwaka jana: sajilini ubunifu wenu msije mkaibiwa. Watu hupiga makofi. Sina ugomvi na nasaha hiyo, ila naona imeanzia mwisho. Fundi anayehimizwa kusajili kabla hajahimizwa kusoma hujikuta akiipeleka BRELA, kwa wakala wa usajili, mashine ambayo, aghalabu, Mwitalia au Mhindi fulani aliisajili zamani, muda wake ukaisha, na michoro yake iko wazi kwa kila mwenye macho.

Basi neno langu kwenu, ndugu zangu mafundi, nanyi walimu wa vyuo vya ufundi mnaowalea, ni hili: hataza zisomeni kwanza. Kuziomba kuna wakati wake.

Wengi hudhani hataza ni cheti cha kuficha siri. Kumbe ni mapatano yanayodai siri itolewe. Mvumbuzi huiambia serikali: nitaeleza kifaa changu kwa maneno na michoro, kiasi cha mtu mwenye ujuzi wa fani kuweza kukitengeneza, nawe unizuilie wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila idhini yangu kwa muda tutakaokubaliana. Venice ilikuwa na sheria ya namna hiyo mwaka 1474. Uingereza, mwaka 1624, Bunge lilipochoka na wafalme waliokuwa wakiwagawia vipenzi vyao haki ya kuuza bidhaa fulani peke yao, lilifuta upendeleo huo wote, likawaachia wavumbuzi tu miaka 14. Siku hizi muda umekuwa miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa, na mwenye hataza hulipa ada ya kuiweka hai. Asipolipa, hufa mapema, na nyingi hufa hivyo.

Kutokana na mapatano hayo kuna mambo mawili ambayo wageni rasmi hawayataji. Kwanza, muda ukishapita, kifaa huwa mali ya umma, na hakuna anayeweza kukudai hata senti. Pili, hataza haivuki mpaka yenyewe. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Tanzania ikiwa mwenyewe hakuiomba hapa, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la hataza lenye makao yake Harare; na wavumbuzi wengi wa ng'ambo hawajisumbui kuomba kwetu, kwa kuwa soko letu wanaliona dogo. (Hata humu ndani ya Jamhuri mambo ya hataza si ya Muungano. Cheti cha BRELA hakifiki Zanzibar, ambako kuna wakala mwingine na sheria nyingine. Mfanyabiashara wa Kariakoo asishangae akilikuta hilo Darajani.)

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, utaona kwamba sehemu kubwa ya uvumbuzi ulioandikwa duniani ni halali kutengenezwa Mtwara au Mwanza kesho asubuhi. Na haukufungiwa kabatini. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lina hazina ya mtandaoni iitwayo PATENTSCOPE, yenye nyaraka zaidi ya milioni 100, na kuzisoma hakuna malipo. Simu ile ile inayotuletea matokeo ya Simba na Yanga hufungua milango hiyo.

Nitoe mfano wa korosho, maana jambo hili likizungumzwa hewani halimsaidii mtu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 tukajenga viwanda vya kubangua, kwa mitambo ya Italia na Japani, vingi vyake huko Kusini. Mavuno nayo yakaanguka vibaya, na viwanda vingi vikafunga. Vingine vikaishia kuwa maghala. Mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu hupanda meli ikiwa ghafi, ikabanguliwe India au Vietnam, nasi huinunua tena kwenye maduka ya viwanja vya ndege kwa bei ya kutisha. Sababu ni nyingi na si zote za mitambo. Lakini mtambo umo.

Ugumu wa korosho anaujua kila mama aliyewahi kuzichoma nyuma ya nyumba. Ganda lina tabaka mbili, na katikati yake mna mafuta makali yanayounguza ngozi na kuacha mikono myeusi. Umbo lake limepinda kama figo, na hakuna mbili zinazolingana kwa ukubwa. Ndani, punje ni dhaifu, nayo ikivunjika bei huanguka, kwa maana soko hulipa punje nzima. Fundi akijiuliza namna ya kulivunja ganda bila kuivunja punje wala kuichafua kwa mafuta, asidhani ni wa kwanza kujiuliza. Wapo waliozichovya katika mafuta yale yale yakiwa ya moto mpaka ganda likawa kavu na kukatika kirahisi. Wapo waliozipika kwa mvuke. Wapo waliozirusha kwa gurudumu lizungukalo kasi zikajipiga ukutani na kupasuka, na wapo waliotengeneza visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, vikaingia ganda na kusimama kabla ya kufika kwenye punje. Kila njia ina kasoro yake: ile ya kurusha ina kasi lakini huvunja punje nyingi, ile ya visu huhifadhi punje lakini hutaka korosho zichambuliwe kwanza kwa ukubwa.

Uzuri wa hataza ni kwamba kasoro hizo zimo ndani ya nyaraka zenyewe. Mwombaji aghalabu huanza kwa kueleza yaliyofanywa na waliomtangulia na mahali waliposhindwa, kwa sababu ni lazima aonyeshe kuwa chake ni kipya. Kwa hiyo fundi wa Newala anayesoma nyaraka kumi za kubangua korosho atapata mambo ambayo angeyapata kwa kuharibu vyuma vya miaka kumi. Asome maelezo na michoro kwanza. Madai, yaani zile ibara zenye namba zinazotaja hasa mwenyewe anachojimilikisha, ayasome kwa makini zaidi ikiwa hataza bado iko hai nchini mwake, au katika nchi anayokusudia kuuza. Hapo asikosee. Mashine iliyo halali Lindi yaweza kuzuiwa katika bandari ya nchi ambako hataza yake haijaisha.

Najua kuna atakayesema: mwandishi anatufundisha wizi. Hapana, bwana. Mwizi ni yule anayechukua kilicho hai na chenye mwenyewe. Aliyeisoma nyaraka ambayo sheria yenyewe iliamuru ichapishwe, akatengeneza kitu ambacho muda wake umekwisha, ametimiza upande wa pili wa mapatano. Umma ulilipa kwa subira ya miaka 20. Kwa nini usipokee ulichokilipia?

Na wala huku kusoma hakumdumazi mvumbuzi. Mtazameni Toyoda Sakichi wa Japani. Alizaliwa mwaka 1867 kijijini, mtoto wa seremala, katika nyumba ambayo mama alifuma nguo kwa mkono. Serikali yao ilitunga sheria ya hataza mwaka 1885, na kijana huyo akaazimia kuwa mvumbuzi. Mwaka 1890 alikwenda kwenye maonyesho ya taifa kule Ueno, Tokyo, akawa anarudi siku baada ya siku kuzikodolea macho mashine. Mwaka uliofuata akapata hataza yake ya kwanza, kwa kitanda cha mfumi cha mbao kinachoendeshwa kwa mkono. Aliendelea kuongeza kitu juu ya kitu: kitanda cha kuendeshwa kwa mtambo, kisha kinachosimama chenyewe uzi ukikatika, hata mwaka 1924 kikatoka kile cha aina ya G kinachobadili chombo cha uzi bila kusimama. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa imeifundisha dunia kufuma kwa mitambo, ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kukitengeneza. Mwanawe Kiichiro ndiye aliyeanzisha kazi ya magari yanayojaa katika barabara zetu. Kwanza Sakichi alitazama, na alitazama sana.

Turudi sasa kwenye kuomba, maana sitaki mtu aseme naidharau BRELA. Swali ni kipi cha kuombea. Eli Whitney wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kuchambua pamba tarehe 14 Machi 1794. Yeye na mshirika wake walitaka wakulima walete pamba kwao, nao wajikatie mafungu mawili katika matano. Wakulima wakakasirika, na kwa kuwa mashine ilikuwa nyepesi kueleweka, kila mhunzi akatengeneza ya kwake. Kesi zilichukua miaka, na sheria yenyewe ilikuwa na upungufu wa maneno uliowapa waigaji upenyo hadi iliporekebishwa mwaka 1800. Whitney alipata kidogo mno kuliko alivyotarajia, akageukia kutengeneza bunduki za serikali. (Pamba ile ilichumwa na watumwa, na wepesi wa kuichambua uliongeza kiu ya kuwanunua wengine. Si kila uvumbuzi wa manufaa huwanufaisha wote.)

Kwa hiyo fundi mwenye mashine ya kupukuchua ambayo kila karakana ya kuchomelea inaweza kuiiga baada ya kuitazama mara moja, na ajiulize: nikipata hataza, nitakuwa na nauli na wakili wa kumfuata mwigaji Singida, na mwingine Kahama, na mwingine Tunduma? Kama hana, pengine fedha za maombi zingemfaa zaidi akinunua mashine nzuri ya kukereza, akawashinda waigaji kwa ubora na kwa vipuri, na jina lake akalilinda kwa alama ya biashara. Tena zipo kazi ambazo kuachwa wazi ndiko kulikozieneza. Lile jiko la mkaa lenye kiuno na udongo ndani, lililobuniwa upya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na jiko la Thailand, halikufungwa kwa hataza. Mafundi wa jua kali wa Nairobi waliliiga, wengine vibaya, udongo ukapasuka baada ya wiki chache. Lakini likaenea, likavuka mipaka, na leo nyumba ngapi za Afrika Mashariki hazina jiko la ukoo huo?

Hataza inafaa pale ambapo kitu ni kipya kweli, si rahisi kukigundua kwa kukitazama, na kina soko linaloweza kulipa gharama ya kukilinda. Na kwa maoni yangu, vitu vya namna hiyo tutavipata zaidi katika matatizo yetu wenyewe. Maji ya sehemu za Arusha yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno huwa ya kahawia, na kwa wengine mifupa hupinda. Chujio lililotengenezwa Ulaya kwa maji ya Ulaya halikufikiria hilo. Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alilifikiria: aliunganisha mchanga na chembe za nano zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Huko ndiko mahali petu.

Mwenye kitu cha aina hiyo afunge mdomo kwanza. Upya wa uvumbuzi hupimwa kwa dunia nzima, na anayeweza kuuharibu ni mvumbuzi mwenyewe. Ukishaionyesha mashine uwanjani, ukaifungua mbele ya kamera na kueleza kila gia, yawezekana umeutangazia ulimwengu kile ulichotaka kukimiliki. Sheria nyingine huvumilia maonyesho yaliyotambuliwa rasmi kwa miezi michache, lakini uvumilivu huo hutofautiana nchi na nchi, na anayeutegemea anacheza pata potea. Maombi yatangulie, tarehe ipatikane, ndipo Nane Nane. Waandaaji wa maonyesho, mngeliandika hili kwenye fomu ya kuombea banda, mngeokoa wengi.

Kinachobaki ni lugha, na hapa sitawalaumu mafundi. Nyaraka hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, Kijerumani, Kichina, Kijapani. Mchoro hausemi lugha yoyote, lakini maelezo yanasema. Ikiwa tunaweza kutafsiri tamthilia za Wakorea na Waturuki kila jioni, hatushindwi kutafsiri nyaraka 100 zilizokwisha muda kuhusu korosho, mkonge, muhogo na alizeti. Vyuo vya VETA vina wanafunzi, vyuo vikuu vina wahandisi na wanaisimu, na COSTECH iliundwa kwa ajili ya sayansi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe nyaraka moja, aieleze kwa Kiswahili cha karakana, achore upya kwa vipimo vya vyuma vinavyopatikana hapa, na nakala ibandikwe ukutani katika karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoani. Mtwara waanze na korosho.