Listi ya mafunzo haina mwenyewe



Mbele ya mavuno ya kahawa, mafunzo yanaanza tena. Kuchuma matunda mekundu tu, kuyamenya siku ile ile, kuyachachisha, kuyaosha, kuyaanika kwenye meza. Wengine watafundishwa kukata mikahawa iliyozeeka, wengine kuendesha mashine ya kumenya. Sisi tunaoandika gazeti hili tunayapenda mafunzo hayo, na tunajua bei ya kahawa iliyooshwa vizuri haiko sawa na ya ile iliyokaushwa chini kwenye vumbi. Ila kuna jambo moja ambalo watu wanalisema jikoni na kwenye njia ya soko, halafu kwenye mkutano mkuu kila mtu anatazama miguu yake. Leo tunalisema hapa.

Kuna mabinti na kina mama ambao wanaanza mafunzo vizuri, siku ya pili ama ya tatu hawaonekani tena. Ukiuliza, utaambiwa mtoto ana homa, ama masomo yamekuwa magumu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine si mtoto wala masomo. Ni mtu mwenye listi, ama mwenye feza ya usafiri, ama mwenye kutoa cheti, amemuomba kitu ambacho hakikuandikwa kwenye programu. Amemtumia neno usiku: "Pitia chumbani uchukue feza yako." Ama amemwambia jina lake litaingia kwenye mafunzo ya pili kama atakuwa "mtu wa kuelewa." Kila mama anajua maana ya kuelewa pale.

Watu wengi wanasema ni tabia mbaya ya mtu fulani, tumfukuze na mambo yataisha. Sisi hatuoni hivyo. Tabia mbaya zipo pote, hata kanisani. Tazameni jambo hili linatokea wapi: linatokea pale ambapo mtu mmoja anashika peke yake kitu ambacho mwingine anakihitaji sana. Ukimfukuza huyo na kumuachia mwingine listi ile ile, mfukoni mwake, peke yake, msimu ujao mtasikia hadithi ile ile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitoa listi mfukoni.

Listi ya watakaofundishwa ichaguliwe kwenye mkutano, ibandikwe kwenye mlango wa depo, na anayetaka kufuta jina aseme sababu mbele ya watu. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo nchi yetu imeingia ndani yake tangu 2012, inasema memba mmoja, kura moja. Hakuna mahali inaposema rais wa koperative ama agronomu ana majina yake ya pembeni. Feza ya usafiri na ya chakula ilipwe mchana, mezani, kila mtu asaini akiona wenzake wanasaini. Hakuna feza ya koperative inayolipwa chumbani, hata kama ni franka elfu mbili. Cheti kitolewe kwa kuhesabu siku ambazo mtu alikuja na kazi ambayo mikono yake ilifanya. Na kama mafunzo yanafanyika mjini na watu watalala kule, kina mama walale pamoja, na mfunzaji alale nyumba ingine. Hii ya mwisho inagharimu kidogo. Mashirika, pamoja na hili linalolipa karatasi ya gazeti hili, yaiweke kwenye bajeti kuliko kununua kofia na maji ya chupa.

Kuhusu kugusana, tuseme wazi kwa sababu kazi yetu ni ya mikono. Mfunzaji anayeonyesha namna ya kukata mkahawa anaweza kukata wa kwake, halafu akakuachia msumeno ukate wa kwako, yeye akisema: "Shusha kidogo, hapo." Kama ni lazima akushike mkono kwa sababu kisu ni kikali, anauliza kwanza, na anashika mkono. Kiuno hakikati matawi.

Na maneno? Hapa ndugu zetu wanaume wananungunika: "Sasa hata kutaniana mnatukataza?" Hapana. Shambani bila utani siku haiishi. Shemeji na shemeji wanarushiana maneno toka asubuhi mpaka jua linazama na hakuna aliyeumia, kwa sababu kila mmoja anaweza kumjibu mwenzake, hata kumzidi. Lakini mfunzaji mwenye listi ya kuhudhuria anaposema neno juu ya mwili wa binti mbele ya wanaume thelathini, binti atamjibu nini? Atacheka. Atacheka kwa sababu anataka cheti. Kile kicheko si ruhusa. Na wale thelathini waliocheka pamoja naye wamemwonyesha mfunzaji njia.

Wengine wanafikiri haya ni mambo ya wazungu. Hapana, iko sheria yetu. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20/7/2006, iliyobadilisha kitabu cha makosa na adhabu, imetaja kosa la mtu anayemsumbua mwenzake kwa maneno, kwa vitisho, ama kwa kutumia mamlaka ya kazi yake ili apate mambo ya kimwili. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12, ama faini, ama vyote viwili. Tena mashirika ya misaada yana kanuni yao: mfanyakazi haruhusiwi kubadilisha kazi, feza ama msaada kwa mambo ya kimwili, na mtoto chini ya miaka 18 haguswi kabisa, hata kama mzazi anakubali. Fundi anayewaambia "ni mambo yangu binafsi" anawadanganya.

Sisi watu wa mashariki hatuhitaji kufundishwa hii kwa mbali. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, kule Nord-Kivu na Ituri, kina mama waliokuwa wanatafuta kazi ndogo waliombwa miili yao ndipo wapewe kazi. Tume iliyochunguza ilitoa ripoti mwezi wa 9 mwaka 2021: watu 83 walishukiwa, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS, Shirika la Afya Duniani. Watu waliokuja kuokoa maisha. Njo maana hatukubali mtu atuambie kwamba shirika kubwa ama gari lenye alama mlangoni ni dhamana.

Sheria ile ina neno moja ambalo wamemba wengi hawalijui. Kwa kosa hili la kusumbua, mashtaka yanaanza paka mwenye kuumizwa akilalamika mwenyewe. Bwana yake hawezi kulalamika mahali pake, rais wa koperative pia hawezi. Na mama mwenyewe mara nyingi anaogopa: nyumba yake, jina lake, watoto wake. Hatumlaumu. Lakini koperative haina haja ya kungojea parke ili imtoe mtu kwenye mafunzo. Kanuni za ndani ni zetu, tunaweza kuandika leo kwamba mfunzaji ama memba anayeomba mambo ya kimwili anasimamishwa, na tunaandikia shirika lake barua.

"Na kama mama anasema uongo?" Swali hili linaulizwa kila mara, na ni swali la haki. Jibu mnalo tayari. Feza ikipotea kwenye sanduku, mnafanya nini? Hamsemi kwamba mtunza feza ni mwizi. Mnachukua ufunguo, mnahesabu, mnauliza mmoja mmoja, mnaandika. Akiwa safi, mnamrudishia ufunguo wake mbele ya wote. Fanyeni vile vile. Ajabu ni kwamba kwa feza hatujawahi kusikia mtu anasema tuvumilie, tusichafue jina la koperative.

Lile ambalo tunalikataa kabisa ni mbuzi. Familia mbili zinakaa, mbuzi analetwa, pombe inanywewa, wazee wanasema imeisha. Imeisha kwa nani? Mama hakupewa hata mguu wa yule mbuzi, na kesho mfunzaji yuko mbele yake tena na chaki mkononi. Na kama jambo limefika kwenye nguvu, kama amebakwa, msipoteze hata siku moja kwenye mazungumzo: apelekwe kituo cha afya mbele masaa 72 hayajapita, maana dawa ya kuzuia ukimwi haifanyi kazi baadaye. Malalamiko yanaweza kufuata, dawa haingoji.

Mashirika mengi yanabandika namba ya simu ya bure. Ni vizuri, lakini kwenye vijiji vyetu simu ni ya bwana, na mtandao uko juu ya kilima. Tunaona ni bora kila koperative ichague watu wawili wa kusikiliza, mmoja wao awe mama ambaye si bibi ya mtu wa kamati, na majina yao yasomwe siku ya kwanza ya mafunzo, mfunzaji akiwa amekaa pale pale anasikia. Mkutano wenu ujao uko mbele ya listi kutumwa. Wekeni jambo hili la kwanza kwenye ajenda, mbele ya bei ya mbegu, maana baada ya bei ya mbegu watu wanaanza kutoka.