Ukichapa Hewa, Andika Moja

Wasee, mtanicheka lakini wacha niseme: gofu si mchezo wa wazee wenye vitambi. Na mimi ndiye nilikuwa nasema hivyo kila siku.

Juzi nilienda Nanyuki, Mount Kenya Safari Club, kutafuta kontenti. Hapo palianzishwa 1959 na William Holden, nyota wa Hollywood, na marafiki zake. Uwanja una mashimo 9 na ikweta inapita humo humo, kwa hivyo unaweza kupiga mpira ukiwa kusini mwa dunia ukaangukia kaskazini. Ukifika mapema kabla mawingu hayajafunga, Mlima Kenya unakuangalia usoni. Picha zilikuwa moto.

Mchezo sasa. Mara ya kwanza nilichapa hewa. Ya pili, hewa tena. Ya tatu mpira ukajikokota kama mtoto ametumwa dukani usiku.

Nikamwambia kedi wangu, mzee wa makamo, "Mzee, hizo mbili za kwanza nilikuwa napasha mwili tu."

"Kijana wangu, ulikuwa unataka kuupiga?"

"Ndio."

"Basi andika."

Manze, hiyo ndiyo sheria. Ukikusudia kuupiga ukakosa, inahesabiwa. Na mara nyingi hakuna refa anayekufuata. Ni wewe, kadi yako na roho yako. Shimo la kwanza niliandika 11.

Sasa skizeni. Miezi 8 nimekuwa nikiwaambia niko likizo ya masomo. Uongo. Niliacha kampasi mwaka wa pili, na hata mamangu hakuwa anajua. Kazi yetu hapa ni kukata vidio: mpira uliopaa unabaki, hewa inafutwa. Nikaanza kuishi hivyo pia.

Mtasema gofu ni ya wenye pesa. Kweli, ada inauma, na klabu zinafaa kufungulia vijana wa mtaa siku ambazo viwanja viko tupu. Lakini wachezaji wengi wa kulipwa hapa Kenya walianza wakibebea wengine mifuko. Kipaji hakikai kwa wallet.

Jioni nilimpigia mamangu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nimekula. Hatujamalizana, najua. Lakini angalau hiyo nimeiandika.

Wewe je, ni hewa gani umechapa na hujaihesabu?