KONA YA UFUNDI: Hita Ikigoma Kutoka

Mwezi huu tulitaka kuongea juu ya cherehani, lakini maneno yamezunguka sana mtaani kwamba mwanafunzi wetu "kaua gari ya watu". Basi acha tueleze.

Gari yenyewe ni Hiace ya dizeli, silinda 4, ya mwenyeji wa kijiji cha jirani. Asubuhi za baridi ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe. Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Ikiwa baridi, inasaidiwa na plagi ndogo za kupasha moto, moja kwa kila silinda. Mafundi wa huku wanaziita hita, sisi tuliotoka Kongo tumezoea kusema buji. Ncha yake inawaka nyekundu, zaidi ya digrii 800. (Msizitafute kwenye mashine ya kusaga ya kuzungusha kwa mkono, nyingi hazina.)

Kijana wetu alipewa kazi ya kuzitoa. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ikagoma, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta. Ikakatika shingoni. Kichwa mkononi, mwili umebaki ndani ya hedi.

Hita hukaa miaka mingi mahali pa moto. Kutu inakamata meno yake, na masizi yanajaa kuzunguka ncha, pale penye nafasi finyu kama uzi. Halafu yenyewe ni nyembamba na katikati ina tundu, haina nguvu ya bolti. Ukiivuta kama nati ya gurudumu itakatika tu, hata fundi akiwa na mvi.

Kabla ya kugusa spana, pima. Toa waya na kile kibati kinachounganisha hita zote. Chukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha hita. Taa ikiwaka, hita inapitisha umeme. Isipowaka, imekufa. Iliyokufa ndiyo unaitoa.

Hapo ndipo tunapoona haya. Baada ya ajali tulipima zilizobaki, na hata kile kipande kilichokatika mzee fundi alikipima kwa ule waya wake wa katikati. Taa ikawaka. Hita ile ilikuwa nzima! Haikuwa na haja ya kutolewa. Kijana hakujua kupima kwa sababu sisi walimu tulikuwa bado hatujamfundisha, tukampa spana kwanza.

Namna ya mzee fundi ni hii. Safisha vumbi lote kwanza, maana vumbi hili letu jekundu likiingia kwenye silinda litakula injini. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la hita, jioni, siku mbili tatu mfululizo. Katikati hapo, gari ikikubali kuwaka, iwashe ipate moto kabisa, maana joto linasaidia mafuta kupenya. Hedi ikiwa ya alumini faida ni kubwa zaidi, kwani alumini inapanuka kuliko chuma cha hita. Fungua ingali ya moto, kwa mpini mfupi na mkono mmoja. Ikilegea kidogo halafu ikalia, usiendelee. Rudisha, ongeza mafuta, legeza tena, nenda rudi, nenda rudi. Inaweza kula nusu siku. Ikikataa kabisa, acha, mwagia tena, uende nyumbani ukale.

Na meno yakiisha lakini haichomoki, pengine ncha imevimba au masizi yameishika. Usiing'oe kwa koleo, ncha itabaki ndani. Kipande kikibaki ndani, injini isiwashwe hata kidogo mpaka kitoke.

Wakati wa kurudisha, safisha tundu, paka grisi ya kuzuia kushikana kwenye meno tu, siyo kwenye ncha, na ukaze kwa kiasi.

Hedi imefunguliwa, imepelekwa mjini kwa mtu wa kutoboa. Mwenye gari tumemwendea sisi wenyewe, siyo wazazi wa kijana, na malipo tumekubaliana tutayapunguza kwa kazi: breki, oili na kuchomelea bodi.

Kijana aliacha kuja darasani wiki tatu. Mama yake alituambia anaenda kuni alfajiri ili asikutane na wenzake. Jumapili tulimtembelea. Hakusema mengi, alituuliza tu kama ile taa inaweza kupima na hita ya gari la volti 24. Tukamwambia hapana, ile inataka taa yake. Ya volti 12 tumemwachia, na Jumatatu alikuja nayo mfukoni.