Kompyuta Haiongozi Filamu

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi kwa watazamaji wa sinema, na hata kwa baadhi ya wahakiki wanaolipwa kuwaelimisha watazamaji hao, imo ile inayodai kwamba filamu za bunilizi ya kisayansi, yaani zile zinazosimulia safari za anga za mbali, viumbe wa sayari nyingine na mashine zenye akili, pamoja na jamaa zake wa karibu, filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kibinadamu, hazina mwongozaji kwa maana halisi ya neno hilo. Kwa mujibu wa imani hiyo, kinachozitengeneza ni fedha za kampuni kubwa za Marekani, kompyuta zinazochora milipuko na majitu, na sura ya mwigizaji mkuu, ambaye katika vibanda vya sinema vya Afrika Mashariki huitwa steringi na ambaye mara nyingi jina lake ndilo linalogeuka kuwa jina la filamu yenyewe. Mwongozaji, mtu anayeamua kamera iwekwe wapi, mwigizaji aseme kwa sauti gani, taa iangaze kiasi gani na picha ikatwe lini, huhesabiwa kuwa mnyapara tu wa kiwandani, ambaye akiondolewa leo na kesho akaletwa mwingine, bidhaa itatoka ileile. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake unaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa aina ambayo ni nadra kupatikana katika sanaa nyingine yoyote.

Ushahidi huo ni filamu moja iliyotengenezwa mara mbili. Mwongozaji Zack Snyder alirekodi Justice League kwa ajili ya kampuni ya Warner Bros., kisha akajiondoa kabla ya kuikamilisha baada ya kufikwa na msiba wa kifamilia, na kazi ikakabidhiwa kwa Joss Whedon, aliyeandika maneno mapya, akarekodi upya sehemu nyingi na kuifupisha kazi nzima hadi saa mbili kwa ajili ya kuonyeshwa Novemba 2017. Baada ya miaka ya kelele za mashabiki, kampuni hiyohiyo ilimruhusu Snyder kutoa toleo lake mwenyewe, lenye urefu unaozidi saa nne, lililoonyeshwa Machi 2021. Waigizaji ni walewale, kisa kwa mifupa yake ni kilekile, na adui ni yuleyule, ingawa deraya lake limechorwa upya. Toleo la Whedon linafunguka kwa video ya simu ambayo watoto wanamhoji Superman, naye anawajibu kwa tabasamu na mzaha; la Snyder linafunguka kwa kifo cha Superman, ambaye ukelele wake wa mwisho unasambaa kama wimbi juu ya bahari na nchi kavu hadi kuamsha masanduku ya kale yaliyolala kwa maelfu ya miaka. Whedon anataka mtazamaji aamini kwamba mashujaa ni watu wanaoweza kuketi naye mezani, ilhali Snyder anataka awatazame kama miungu, ndiyo maana alikataa picha pana iliyozoeleka katika sinema za kisasa na kuchagua fremu inayokaribia mraba, ambamo mwili wa mtu aliyesimama unapanda juu kama sanamu ya hekaluni.

Cyborg, kijana mweusi aliyeigizwa na Ray Fisher, ambaye baba yake amemgeuza nusu mashine ili kumwokoa na mauti, katika toleo la kwanza anapita pembeni kama fundi wa msafara, lakini katika la pili ndiye anayebeba huzuni yote ya kisa. Ni kweli kwamba Snyder hajui kukoma, na kwamba mapenzi yake kwa mwendo wa polepole yanachosha. Ipo sehemu ambapo Aquaman, mmoja wa mashujaa hao, anajitosa baharini kwenye pwani ya Iceland, na wanawake wa kijiji wanabaki wakimwimbia, mmoja wao akiinusa sweta aliyoivua. Mtu anaweza kuicheka sehemu hiyo, lakini hakuna kompyuta duniani ambayo ingejiamulia kutumia muda wa watazamaji kwa sweta, wala hakuna mhasibu wa kampuni ambaye angeiidhinisha kwa hiari yake.

Watetezi wa imani inayopingwa hapa watasema kwamba mfano huo haukubaliki, kwa kuwa Snyder aliongezewa muda na fedha, na kwamba saa mbili za ziada zingebadili kazi ya mtu yeyote. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini inadhoofika mbele ya mfululizo wa filamu za shujaa Thor, ambamo kampuni ni moja, Marvel, mtayarishaji, yaani mwenye dhamana ya fedha na mipango, ni mmoja, Kevin Feige, na steringi ni mmoja, Chris Hemsworth. Kenneth Branagh, aliyejijengea jina kwa kuigiza na kuongoza tamthilia za Shakespeare, alipopewa filamu ya kwanza mwaka 2011 alitengeneza kisa cha mfalme mzee na wanawe wawili wanaogombea mapenzi yake, kikasemwa kwa sauti nzito za jukwaani na kupigwa picha kwa kamera iliyoinamishwa upande kana kwamba ikulu nzima inataka kuanguka. Taika Waititi wa New Zealand, bingwa wa vichekesho vya watu wasiojiweza wanaojiona mashujaa, alipopewa ya tatu mwaka 2017, alimvunjia Thor nyundo, akamkata nywele, akamuuza kama mtumwa wa michezo ya kupigana, akawaacha waigizaji wabuni maneno papo hapo mbele ya kamera, na yeye mwenyewe akaigiza sauti ya Korg, jitu la mawe linalozungumza kwa upole wa karani wa posta. Filamu ya pili, ya mwaka 2013, aliiongoza Alan Taylor, na haihitaji maelezo mengi kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizo tatu inayofanana na wazo ambalo watu wengi wanalo kuhusu filamu za aina hii: inapita, na haiachi kitu.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka asili ya nadharia inayomtaja mwongozaji kuwa mtunzi wa filamu. François Truffaut na wenzake wa jarida la Cahiers du cinéma la Ufaransa, kuanzia miaka ya 1950, walidai kwamba filamu ina mwenyewe kama riwaya ilivyo na mwandishi, na kwamba mwenyewe huyo ni mwongozaji. Mhakiki Andrew Sarris aliihamishia hoja hiyo Marekani mwaka 1962, na mwaka uliofuata mhakiki mwenzake Pauline Kael akaishambulia kwa ukali mkubwa. Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba wale Wafaransa hawakuijenga hoja yao juu ya wasanii huru waliojifungia vyumbani. Waliijenga kwa kuwatetea watu kama Alfred Hitchcock na Howard Hawks, waajiriwa wa studio za Hollywood waliokuwa wakitengeneza visa vya mauaji na vya wachunga ng'ombe kwa faida ya matajiri, na hoja yao ilikuwa kwamba ni hasa ndani ya pingu hizo ndipo mkono wa mtu unapotambulika. Anayesema kwamba mwongozaji wa Marvel hawezi kuwa na mtindo kwa sababu ameajiriwa, anarudia lawama iliyojibiwa miaka 70 iliyopita.

Jibu hilo linaonekana vilevile katika filamu zilizotengenezwa kabla kompyuta hazijapata uwezo wa kuchora jitu. Ridley Scott alipoongoza Alien mwaka 1979, kiumbe wa kutisha alikuwa vazi tu, na ndani ya vazi hilo alikuwamo Bolaji Badejo, kijana Mnigeria aliyekuwa akisomea sanaa ya michoro London, ambaye alichaguliwa kwa sababu alikuwa na urefu unaozidi mita mbili na mikono na miguu myembamba isiyo ya kawaida. Scott alilificha vazi hilo kwa giza, mvuke na minyororo inayoning'inia, akamwonyesha kiumbe kwa dakika chache mno katika filamu ya takriban saa mbili, na hofu yote ikazaliwa kutokana na kusubiri. Miaka saba baadaye James Cameron aliongoza Aliens, mwendelezo wa kisa hicho kwa kampuni hiyohiyo na kwa mwigizaji mkuu yuleyule, Sigourney Weaver. Kiumbe mmoja akawa kundi, ukimya ukawa milio ya bunduki, mabaharia wa anga wakawa askari, na Ripley, mhusika wa Weaver, aliyekuwa akikimbia, akawa mama anayerudi motoni kumwokoa mtoto ambaye hakumzaa. Cameron hakuwa na mashine bora kuliko za Scott kwa kiasi cha kuieleza tofauti hiyo, bali alikuwa na akili ya namna nyingine, ileile iliyokuwa imeizaa The Terminator mwaka 1984.

Hata hivyo, haki inadai kukiri kwamba imani inayopingwa haikuzuka hewani. Mwongozaji wa Argentina, Lucrecia Martel, aliwahi kueleza kwamba alipokutana na watu wa Marvel kuhusu filamu ya Black Widow aliambiwa asijisumbue na mapigano, kwa kuwa wapo wengine wa kuyashughulikia. Maneno hayo yanafichua utaratibu ambao mapigano hupangwa mapema na kundi la wataalamu kwa njia ya picha tangulizi, yaani michoro inayotembea ya kompyuta inayoonyesha kila tendo na kila pembe ya kamera, wakati mwingine kabla mwongozaji hajaanza kurekodi. Pale kampuni inapofanya hivyo, ni kweli kwamba filamu inakuwa haina mwenyewe. Lakini matokeo yake yanajulikana kwa kila mtu aliyewahi kupiga miayo katika nusu saa ya mwisho ya filamu hizi, wakati vitu vya rangi ya majivu vinapogongana angani bila uzito wala maumivu.

Hakuna filamu inayoonyesha mpaka kati ya picha yenye mwenyewe na isiyo naye kwa uwazi kuliko Black Panther ya mwaka 2018, iliyopendwa sana Afrika Mashariki, si haba kwa sababu ya Lupita Nyong'o wa Kenya aliyeigiza Nakia. Ryan Coogler, mzaliwa wa Oakland huko California, alikuwa ameanza na Fruitvale Station mwaka 2013, kuhusu kijana mweusi aliyeuawa na polisi katika kituo cha treni cha eneo hilo, akafuatia na Creed mwaka 2015, ambamo pambano zima la ndondi lenye raundi mbili linaonyeshwa bila mkato unaoonekana, kamera ikizunguka ndani ya ulingo kama mwamuzi. Katika Black Panther, akiwa na Rachel Morrison, mpiga picha mkuu wa filamu yake ya kwanza, alirudia ujuzi huo katika mapigano ya kasino ya Busan: kamera inamfuata mmoja, inampokea mwingine, inapanda ghorofani na kushuka tena kana kwamba haijakatwa, na katikati ya ghasia hizo jemadari Okoye amevaa nyekundu, Nakia kijani na mfalme T'Challa nyeusi, rangi za bendera ya umajumui wa Afrika. Mtazamaji anajua wakati wote nani yuko wapi na kila pigo linauma. Kisha inafika tamati, ambapo miili miwili iliyochorwa kwa kompyuta inaangukiana chini ya ardhi kwenye reli za treni, ikirukaruka kama mpira, na watu walewale waliokuwa na damu na mifupa wanageuka vikaragosi.

Sehemu hizo mbili ni za filamu moja na za kampuni moja. Kilichotofautiana ni kiasi cha mtu aliyemo ndani ya picha. Wala si sadfa kwamba filamu kuhusu Wakanda, taifa la kubuni la Kiafrika, inaanzia katika mtaa wa maskini wa Oakland mwaka 1992, na kwamba adui yake, Killmonger, anaigizwa na Michael B. Jordan, ambaye Coogler alikuwa ameshamfanya mhusika mkuu wa filamu zake mbili zilizotangulia. Kwa Coogler, yatima wa Oakland ana kesi dhidi ya mfalme wa Wakanda, na kesi hiyo ndiyo inayoifanya filamu ikumbukwe baada ya milipuko yake kuchakaa.

Imani kwamba kompyuta ndiyo mtunzi ingekuwa kosa dogo la mazungumzo ya barazani kama isingekuwa na madhara kwa watengenezaji wa filamu wa ukanda huu, ambao wengi wao huamini kwamba bunilizi ya kisayansi si ya kwao mpaka watakapopata mitambo ya Los Angeles. Wanuri Kahiu wa Kenya alilipinga wazo hilo kwa vitendo mwaka 2009 alipotoa Pumzi, filamu fupi ya dakika zipatazo 20 kuhusu jamii inayoishi chini ya paa baada ya vita vya maji, ambamo watu hukusanya jasho lao na kulisafisha walinywe, huzalisha umeme kwa kukimbia kwenye mashine za mazoezi, na hulazimishwa kumeza dawa za kuzuia ndoto. Picha ya Asha, mhusika mkuu, akikamua tone la jasho haihitaji kompyuta yenye nguvu. Inahitaji mtu aliyefikiri kwa makini kuhusu maji katika nchi ambayo ukame haujawahi kuwa hadithi ya kubuni, kisha akajua kamera iwe karibu kiasi gani na ngozi.

Ndiyo maana vyuo na taasisi zinazofundisha utengenezaji wa filamu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, zinapopanga mitaala na kuomba fedha za vifaa, zinapaswa kuweka somo la uongozaji mbele ya somo la programu za kuchora milipuko, na mwanafunzi apewe chumba kimoja, waigizaji wawili na taa moja, atakiwe kutengeneza sayari ya mbali kabla hajaruhusiwa kugusa kompyuta.