Antaktika Haina Viza, Buenos Aires Inayo

Sharafiya, hapa Jeddah, ni mtaa wa wasafirishaji. Ofisi za tiketi zimebanana na ofisi za kago, na anayetaka kupeleka jokofu Mombasa au kumleta mama yake umra hakosi mtu wa kumwelekeza kabla chai haijapoa. Ukiulizia meli ya kwenda kwenye barafu ya kusini, wajuzi watatokea vilevile. Shida ni kwamba wanayoyasema mengi yameandikwa kwa ajili ya Mzungu mwenye pasipoti ya Ulaya, si kwa muuguzi Mkenya au mhandisi Mtanzania mwenye iqama, kibali cha ukaazi.

La kwanza wanalokwambia: "Antaktika si nchi ya mtu, viza ya nini?" Nusu yake ni kweli. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Desemba 1959, uliyaweka kando madai ya umiliki, na hakuna afisa wa uhamiaji anayesubiri kwenye theluji. Kibali cha kuingia huko hushughulikiwa na kampuni ya meli. Lakini meli nyingi hung'oa nanga Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, na Argentina inamtaka Mkenya na Mtanzania viza. Ubalozi wake uko Riyadh. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikiondoka umetoka nchini, na ikirudi unaingia upya. Ukipitia Addis Ababa, ndege ya Ethiopian hutua São Paulo kabla ya Buenos Aires. Uliza mapema kama abiria wanateremka, usije ukadaiwa viza ya Brazil ukiwa kaunta. Halafu kuna karatasi ambayo hakuna kitabu cha watalii kinachoitaja: khuruj wa auda, kibali cha kutoka Saudia na kurudi. Ada yake ni riyali 200 kwa safari moja ya hadi miezi miwili. Tangu mageuzi ya sheria za kazi ya 2021 mfanyakazi wa kampuni anaweza kujiombea mwenyewe kupitia Absher, jukwaa la serikali mtandaoni, ila wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo. Kwa dada anayelea watoto wa watu, safari hii bado inaanzia kwa kafili, mwajiri wake.

Anayekwambia basi uende Svalbard, kaskazini, kwa sababu "huko ndiko hakuna viza kabisa", naye amesoma nusu ya karatasi. Mkataba wa Svalbard wa 1920 kweli haudai viza. Ndege ya kukufikisha huko hupitia Norway bara, kwa hiyo unahitaji viza ya Schengen, tena ya kuingia mara mbili, kwa kuwa Svalbard iko nje ya eneo hilo.

"Chukua meli kubwa, haiyumbi." Mlango wa Drake, kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya kwanza vya Antaktika, una upana wa kama kilomita 800, na kuuvuka huchukua takriban siku mbili. Meli kubwa huyumba kidogo kuliko ndogo, sikatai. Ila kwa kanuni za IAATO, umoja wa kampuni za utalii wa Antaktika ulioanzishwa 1991, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na mahali pamoja hawaruhusiwi kukanyaga abiria zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Utalipa pesa zote hizo uwaangalie pengwini kwa darubini kutoka sitahani. Usalama ni jambo jingine. Novemba 2007 meli ya MS Explorer ilitobolewa na barafu karibu na visiwa vya South Shetland ikazama. Watu wote 154 waliokolewa, na iliyowachukua ni meli nyingine ya watalii iliyokuwa jirani. Swali la kumuuliza wakala ni kama meli inatimiza Kanuni za Ncha, za meli zinazopita maji ya barafu, zilizoanza kutumika 2017, na ina daktari gani.

Hapo ndipo dai la "bima ya kazini inatosha" linapovunjika. Bima inayoambatana na iqama imewekwa kwa matibabu ndani ya Ufalme. Kule Antaktika mgonjwa mahututi husubiri ndege katika Kisiwa cha King George, na ndege husubiri hali ya hewa. Nunua bima yenye maneno ya kuhamishwa kwa dharura kutoka Antaktika yameandikwa waziwazi.

Dai ninalolisikiliza kwa heshima zaidi ni hili: "Jua halizami, swala zitaharibika." Kwenye rasi ya Antaktika, ambako meli nyingi huishia, kama digrii 65 kusini, jua la Desemba huzama kwa saa chache tu na giza kamili halifiki, kwa hiyo alama ya isha haionekani. Mafakihi hawakungoja meli za utalii: Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya ulimwengu wa Kiislamu iliyo hapo Makka, lilishatoa uamuzi wa kukadiria nyakati kwa maeneo ya digrii za juu. Juu ya hayo wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, ndani ya msimu wa meli, na msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Kibla nacho ni karibu mashariki kamili, kama kilivyo hapa Jeddah. Sharti meli isigeuke. Waulize nahodha na watu wake kabla ya takbira. Usipange kutandika mswala ufukweni. Kwa sababu ya homa ya ndege, iliyothibitishwa katika bara hilo 2024, wageni wanakatazwa kukaa wala kupiga magoti ardhini. Tende pia zibaki melini, chakula hakishuki.

Anayekutishia dubu amekosea ncha: wako kaskazini. Baridi ya kiangazi pale hucheza karibu na sifuri, na kampuni nyingi hutoa koti na kuazima mabuti.

"Ni ghali." Hilo silipingi. Kitanda cha bei ya chini, chumba cha watu watatu au wanne, kwa kawaida huanzia dola 5,000 hadi 8,000, na dola ni riyali 3.75. Bado nauli, na usiku mmoja au miwili Ushuaia kabla ya meli, kwani unaweza kuchelewa: ndege za ndani mara nyingi huruka kutoka uwanja wa Aeroparque ilhali wewe umeshukia uwanja wa Ezeiza, upande mwingine wa Buenos Aires. Ninachopinga ni ushauri wa kulipa haraka "nafasi isiishe". Ubalozi utataka kuona umeshajiandikisha melini, na kampuni itataka amana kabla ya kukuandikisha. Kabla hujatoa hata riyali, ipate kwa maandishi: viza ikikataliwa, kiasi gani kinarudi, na hadi tarehe gani.