Mambo ya Nyumbani: Sanduku la Zamani Lina Kazi Bado

Katika nyumba nyingi za Kenya, chini ya kitanda au juu ya kabati, pana sanduku lisilokwenda safari tena. Pengine ni lile la bati, la rangi nyeusi au buluu, ambalo kijana wa nyumba alilichukua kwenda shule ya bweni. Masomo yamekwisha zamani, na sanduku limerudi likiwa limebonyea ubavuni na kuota kutu pembeni. Pengine ni la ngozi, la babu aliyefanya kazi mjini, na ufunguo wake haujulikani ulipo. Kila asubuhi ufagio hulizunguka. Hakuna anayelitumia, wala hakuna anayethubutu kulitupa.

Masanduku ya namna hii hayakuachwa kwa kuwa yalichakaa. Yaliachwa kwa sababu ya magurudumu. Mnamo mwaka 1972 Mmarekani aitwaye Bernard Sadow alipewa hataza ya sanduku la safari lenye magurudumu, na mwaka 1987 rubani mmoja, Robert Plath, akabuni lile la kusimama wima lenye mpini mrefu wa kuvutia. Tangu hapo msafiri hakuona sababu ya kuuchosha mkono wake kwa kubeba mzigo. Lakini uzito na upana uliokuwa taabu njiani ni sifa njema ndani ya nyumba, maana kitu kizito chenye pembe nne hukaa palepale kilipowekwa.

Kazi iliyo nyepesi kuliko zote ni kulifanya sanduku kuwa meza ndogo ya sebuleni. Haihitaji kulitoboa hata tundu moja. Fundi seremala hutengeneza fremu ya mbao yenye miguu minne, kimo chake kikilingana na viti vilivyopo, na sanduku hukalishwa juu yake kama chungu juu ya mafiga. Ndani huwekwa mablanketi ya msimu wa baridi au vitabu vya shule, na juu hutandikwa kitambaa. Siku mwenyewe akilihitaji, hulinyanyua akaenda nalo. Wapo wanaolikata sanduku la ngozi katikati na kupigilia nusu yake ukutani liwe rafu. Rafu hiyo hubeba vikombe vitatu tu, na ngozi iliyodumu miaka hamsini huwa imeharibiwa kwa alasiri moja. Afadhali kununua ubao.

Sanduku la bati lafaa zaidi kuwa kiti cha ukumbini au cha chini ya dirisha. Hapo jambo moja husahauliwa mara nyingi: kifuniko cha bati hakikuumbwa kukaliwa na mtu mzima. Kitabonyea siku ya kwanza, na bawaba zitapinda. Yapasa kukata ubao wenye ukubwa wa kifuniko, uliotegemea kingo zote nne, kisha kuweka juu yake mto wa sponji uliovikwa kitambaa kigumu. Kanga mbili kuukuu zilizoshonwa pamoja hufanya foronya nzuri, nazo hufulika. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofua masanduku haya kwa nyundo, huweza kunyosha ubavu uliobonyea na kubadili bawaba zilizolegea, kwa hiyo si lazima mtu ajaribu mwenyewe na kulitoboa.

Kabla ya mapambo lazima usafi. Kutu husuguliwa kwa msasa hadi chuma kionekane, hufutwa vumbi, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na ikikauka ndipo rangi ya mapambo hufuata. Wengi huruka ile rangi ya kwanza ili kupunguza gharama, na mvua za masika zikifika kutu huchomoza tena kupitia katikati ya maua waliyoyachora. Rangi kuukuu iliyokwisha kumenyuka ina hatari ya namna nyingine, kwa maana rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru akili ya mtoto hata likiwa kidogo. Rangi kama hiyo isisuguliwe kikavu. Hutiwa maji kwanza, kazi hufanyiwa nje, watoto wakiwa mbali, na takataka zake hufungwa na kutupwa. Jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko halidhuru kitu. Anayelipenda na aliache, maana hakuna pambo la dukani litakaloonyesha sanduku lilikotoka.

Ngozi haipendi maji mengi wala jua kali. Hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta ya ngozi kidogo kidogo. Ukungu husuguliwa kwa brashi nje ya nyumba, si chumbani, kwa kuwa vumbi lake huwasumbua wenye pumu. Harufu ya uvundo hupungua kwa kuacha bakuli la mkaa mkavu ndani kwa siku kadhaa. Bitana iliyooza hubanduliwa, lakini kwanza ipapaswe kwa vidole kila pembe. Wazee waliokuwa hawana kabati la kufunga walificha huko vyeti, barua na hati za shamba, na karatasi moja iliyokunjwa yaweza kumaliza kesi iliyogawanya ndugu.

Sanduku la mti la pwani lina hukumu yake. Yale masanduku mazito ya Lamu, Mombasa na Unguja, yaliyopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, mengi yake yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, na baadhi yana droo za siri. Yasipakwe rangi. Kuyasugua kwa msasa ni kuyaondolea thamani. Kitambaa kikavu kwa mti na subira kwa shaba vyatosha.

Lakini lililo kubwa kuliko rangi na mito ni komeo. Sanduku lililokuwa juu ya kabati halikuwa hatari kwa mtu. Likishushwa sakafuni likawa kiti, limekuwa mahali pa kujificha kwa mtoto wa miaka minne anayecheza kibe. Huko Marekani kampuni moja ilitengeneza masanduku ya mwerezi, kati ya mwaka 1912 na 1987, yenye kitasa kilichojifunga chenyewe kifuniko kikishuka na kisichofunguka kwa ndani. Watoto waliingia, wakafungiwa, wakafa kwa kukosa hewa. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba vitasa vya masanduku yapatayo milioni 12 vibadilishwe, na hata baada ya tangazo hilo vifo vingine vilitokea, kwa kuwa masanduku mengi yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwa watu wengine ambao habari haikuwafikia. Yalikuwa masanduku mazuri, ya kurithi, yaliyowekwa miguuni pa kitanda.

Komeo la sanduku la bati halijifungi lenyewe kwa namna ile, lakini laweza kuangukia mahali pake kifuniko kinapobamizwa, na mtoto wa pili aweza kulifunga kwa mchezo kisha akaitwa kula. Kwa hiyo mahali penye watoto komeo na kitasa ving'olewe kabisa, visifungwe kwa kamba wala kuachwa "kwa muda". Kifuniko kizito huangukia shingo na vidole, hivyo fundi atie mkono wa chuma wa kukishikilia kikiwa wazi. Tundu chache zitobolewe ubavuni chini ya kifuniko, na kingo zake zilainishwe kwa tupa. Zitawapatia pia mablanketi hewa. Tundu peke yake hazitoshi ikiwa komeo lingalipo, wala mto uliowekwa juu haumzuii mtoto.

Anayetaka kuhifadhi vitu chini ya kufuli achague sanduku jingine, likae juu ambapo mtoto hafiki. Na lile ambalo halikupata kazi, likitolewa uani kumngoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ling'olewe komeo kabla ya kuvuka mlango, kwa sababu uani ndipo watoto wa jirani hucheza, na mnunuzi huyo huenda asipite kwa juma zima.